Kigari cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hawezi kuketi mahali nilipoketi mimi. Hiyo ni chinsoni, ile heshima ya Wakisii kati ya mkwe na mkwe. Haingii nyumbani mwangu, hanishiki mkono, na kiti nilichokikalia, hata kama ni cha kwake, hakikalii wala hakigusi tena siku hiyo. Familia nyingi siku hizi zimelegeza mambo haya. Mzee Nyangau hakulegeza hata uzi. Ni mzee wa kanisa, ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Keumbu, na kuna vitu viwili anavipenda kuliko chakula: heshima yake na jina la kazi yake. Nayasema haya mapema ili ujue nilimpatia wapi.

Nina mapacha wa miaka mitatu, Bosire na Bochaberi. Baba yao, Fred, ni mpishi wa hoteli Nakuru, huja nyumbani akipewa likizo. Mimi nashona nguo sokoni Birongo, na kila asubuhi sharti niwafikishe watoto chekechea kabla sijafungua cherehani. Nina baiskeli. Najua wanawake wanaoendesha baiskeli kwenye milima hii yetu ni wa kutafuta kwa tochi, na najua yanayosemwa nikipita. Nilifunzwa na marehemu baba yangu na sijaona sababu ya kusahau. Shida ni kwamba baiskeli haikuumbiwa mama na mapacha. Nilijaribu kumbeba Bochaberi mgongoni kwa leso na Bosire kwenye keria, mpaka siku moja kisigino cha Bosire kikaponea chupuchupu kwenye spoku. Bodaboda sikuitaka kabisa. Wanaokubali watoto wao wapangwe juu ya tangi la petroli, shauri yao.

Ndipo nikafikiria kigari cha magurudumu mawili, cha kukokotwa nyuma ya baiskeli. Nilimwambia mama mkwe wangu, Persis, naye akamwambia mzee, maana ndivyo maneno yanavyosafiri kati yetu. Mzee alikubali upesi. Nadhani hata alifurahi. Alikipaka kigari rangi ya buluu, akakizungushia mabomba membamba, akachomelea majina ya wajukuu wake ubavuni. Watu walisimama kukitazama. Mimi pia nilisimama nikakitazama, mjinga wa mwisho.

Kumbe baiskeli yangu hakuigusa. Angeiguseje? Ina kiti changu, na hicho kiti ndicho ninachokikalia kila siku. Angeweza kumwita fundi mwingine aipime, lakini hapo angekiri kwamba kuna kazi inayomshinda. Basi alipima baiskeli yake mwenyewe, ile kubwa nyeusi ya wanaume, akatengeneza mkono wa chuma wa kigari ufungwe juu, kwenye keria. Baiskeli yangu ni fupi. Nilipofunga, mkono uliinama vibaya na pini ya kuufungia ikaingia kwa kulazimishwa. Nikamtuma mama mkwe akaulize kama ni sawa. Akaenda, akarudi.

"Mzee anasema iko sawa. Funga tu, uende."

Nikafunga, nikaenda.

Kati ya kanisa letu na nyumbani kuna mteremko wa udongo wa murram, mkali, wenye mtaro upande mmoja. Ijumaa ile, kabla Sabato haijaingia, nilikuwa nikishuka na watoto nyuma wakiimba. Nilishika breki zote mbili. Nataka mtu yeyote anayesoma hapa alijue hilo: nilishika breki zote mbili, na nilikuwa nimezishika tangu juu. Lakini kigari chenye watoto wawili hakijui breki. Baiskeli ikipunguza mwendo, chenyewe kinaendelea, na kwa kuwa kilikuwa kimefungwa juu, kiliisukuma keria na kuinyanyua. Gurudumu langu la nyuma likaacha ardhi. Nikasikia pini inachomoka. Kigari kikanipita ubavuni, nikiwa bado juu ya baiskeli, nikaona nywele za mwanangu zinapita, kisha kikaingia mtaroni.

Bosire alipasuka juu ya jicho. Bochaberi alivunjika mkono. Sitaeleza kilio chake. Bado nakisikia nikiwa nashona, na siku nyingine nalazimika kusimamisha cherehani.

Tuliwapeleka hospitali mjini Kisii, tukarudi na Bochaberi akiwa amefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko. Na Sabato iliyofuata, wakati wa matangazo, Mzee Nyangau alisimama mbele ya kanisa zima, mikono imeshika Biblia, akaomba maombi kwa ajili ya mjukuu wake. Hadi hapo sawa. Kisha akaongeza kwamba mkamwana wake alikuwa anashindana na bodaboda na hakushika breki, na vijana wajifunze.

Nilikuwa nimeketi safu ya nne. Vichwa viligeuka vyote kama vya kuku waliosikia mahindi. Sikuweza kusimama na kusema ni uongo. Mkamwana hambishii baba mkwe mbele ya watu. Ningefanya hivyo, ningekuwa na makosa mawili badala ya moja. Alijua. Ndiyo sababu alilisema pale.

Jumapili familia ikakutana. Ikaamuliwa watoto wakae kwa nyanya yao mpaka niuze baiskeli na kumwomba mzee msamaha. Nyumba ya Persis iko ng'ambo ya shamba letu la michai, karibu hivi kwamba nikipika nilikuwa nawasikia wanangu wakicheka. Usiku nikatandika kitanda chao kana kwamba watalala. Nilimpigia Fred simu.

"Omba tu msamaha, mambo yaishe," akasema.

"Nimwombe msamaha yeye aliyevunja mkono wa mtoto wangu kwa chuma chake?"

"Wewe pia una kichwa ngumu. Huyo ni baba yangu."

Nikamkatia. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Niliwaza kuichoma karakana. Niliwaza kuweka sabuni ya kufulia kwenye uji wake. Nilichukia jinsi anavyotembea, jinsi anavyofungua mwavuli, nilichukia hata kikohozi chake. Kuomba msamaha ningekufa kwanza. Lakini wanangu niliwataka, na niliwataka bila kuuza baiskeli, na nilimtaka mzee huyo alimeze lile neno alilolisema, alimeze mbele ya watu walewale.

Kwanza nilitaka nijue ukweli wote, nisije nikabishana na fundi kwa machozi tu. Nilichukua kile kigari kilichopinda, nikakinyoosha kwa nyundo, nikakipakia ndizi uzito wa watoto, nikaanza kushuka nacho vimiteremko vifupi nyuma ya nyumba. Nikikifunga juu, ilikuwa ni yaleyale: nikishika breki, nyuma inanyanyuka. Nikikifunga chini kabisa, pembeni mwa ekseli ya gurudumu la nyuma, kinasukuma lakini baiskeli inabaki ardhini. Nikagundua pia kwamba nikianguka, mkono ukiwa umekazwa kabisa, kigari kinaanguka pamoja nami. Lakini nilipoufunga kwa kipande cha mpira mnene unaokubali kujipinda, mimi nililala chini na ndizi zikabaki zimekaa wima zikinitazama. Niliangushwa mara nyingi hadi magoti yakawa kama ya mtoto wa shule. Mwishowe nilijua ninachotaka: kifungwe chini, kiungo kijipinde, magurudumu yaachane zaidi, sakafu iwe chini karibu na ardhi, mikanda ya kiti cha gari kwa kila mtoto, na mnyororo wa pili ili pini ikichomoka kigari kisiende popote. Na watoto wavae helmeti. Sikuwa tena na shaka.

Ningeweza kumpelekea fundi mwingine. Nilimtaka yeye.

Majaribio hayo yalichukua wiki mbili, na Jumatatu iliyofuata nilienda Keumbu mapema. Karakana ya mzee ni paa la mabati kando ya barabara, na mbele yake kuna kiti chake cha mbao chenye mto, ambacho hukalia akichomelea kwa sababu mgongo wake ni mbovu. Nikakiketia. Nikatoa maharagwe kwenye kikapu, nikaanza kuyapukusa.

Mzee alikuja, akaniona, akasimama. Nilimwamkia kwa heshima zote, macho chini, sauti ndogo, kama mkamwana mwema. Akaitika. Akasubiri niinuke. Nikaendelea na maharagwe.

Jirani wa karakana ni Drusilla, muuza chapati, mwanamke wa mdomo na roho nzuri. Mzee akamwendea akamnong'oneza. Drusilla akaja kwangu, chapo moja bado mkononi.

"Mama Bosire, mzee anasema hiyo kiti ni yake."

"Mwambie najua. Mwambie nimechoka, napumzika kidogo."

"Utapumzika mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nichoke kupumzika."

Siku hiyo Mzee Nyangau alichomelea dirisha zima akiwa amesimama. Kesho yake alikuja na kigoda kingine akakificha ndani. Alipoenda kujisaidia nikakikalia. Siku iliyofuata alikuta nimekalia debe, na kabla ya hilo nilikuwa nimekalia benchi la wateja kutoka mwanzo hadi mwisho, nikijisogeza taratibu kama mtu anayepiga pasi. Hapakuwa na kitu chochote pale karakana mtu angeweza kukalia ambacho sikukikalia. Mzee alishika kiuno akapaka mafuta ya mgongo, akashika tena kiuno. Sikumhurumia. Kila alipojinyoosha nilimkumbuka Bochaberi akijaribu kula kwa mkono wa kushoto.

Hakuna aliyeweza kunifukuza. Yeye mwenyewe hawezi kunishika. Wengine waliogopa kuingilia mambo ya mkwe na mkwe. Wateja walianza kuja kutazama tu. Drusilla aliniambia chapati zake zilikuwa zinaisha kabla ya saa nne, na kwamba nikitaka anaweza kuniletea mto.

Kilichomvunja hakikutoka kwangu. Sabato hiyo alipokuwa anataka kuketi kwenye benchi la wazee, mzee mwenzake, Mokua, akamshika bega akamwuliza kwa sauti ya upole, lakini ya kusikika mpaka nyuma, "Nyangau, umeuliza kwanza kama hakuna mkamwana alipita hapa?" Kanisa lilicheka. Watu waliojifunika vitabu vya nyimbo usoni mabega yalikuwa yanatikisika. Mzee aliketi, lakini uso ulikuwa umemwiva.

Jioni Persis akavuka michai akaja kwangu.

"Wewe Edinah, unataka kumuua mzee na aibu?"

"Mama, mimi nataka watoto wangu."

"Ati useme unataka nini, niende nimwambie."

Nikamwambia. Atengeneze kigari kipya, kama nitakavyoeleza. Akipime kwenye baiskeli yangu, siyo yake. Kisha akishushe mwenyewe kwenye mteremko uleule, mzigo ukiwa uzito wa watoto, na wale waliosikia tangazo lake kanisani waitwe waone. Kikishuka salama, nawachukua wanangu na baiskeli yangu na hakuna atakayenitajia tena habari ya kuuza. Persis alikaza leso yake kiunoni. Yeye ndiye aliyekuwa anamlisha Bochaberi, na nadhani alikuwa ameshachoka kujifanya hajui.

"Na msamaha?" akauliza.

"Huo hatujafika."

Mzee alitengeneza. Niliketi kwa Drusilla nikitoa maelezo, Drusilla akiyapeleka hatua tatu na kurudisha majibu, ingawa sote tulikuwa tunasikiana vizuri. "Anasema chini, kwa ekseli." "Anauliza chini kiasi gani." "Anasema chini mpaka aone haya." Hilo la mwisho Drusilla aliliongeza mwenyewe. Baiskeli yangu ilipofika karakana, mzee alichukua koleo, zile anazoshikia chuma cha moto, akakifungua kiti changu, akakinyanyua nazo kwa mbali, akakiweka pembeni juu ya gunia na kukifunika kwa gunia jingine. Kisha akafunga kiti cha baiskeli yake. Baada ya hapo akaishika baiskeli yote bila shida. Nilimtazama nikafikiri: kumbe ilikuwa rahisi hivi. Dakika chache tu za koleo, na mwanangu angekuwa na mkono mzima. Hasira iliyokuwa imeanza kupoa ikachemka upya.

Jumapili moja mchana, kigari kilipokamilika, watu walijaa pale juu kanisani. Mokua alikuwepo, kwaya ilikuwepo, na Persis alisimama akiwa amewashika mapacha, mmoja kila mkono. Plasta ya Bochaberi ilikuwa imetolewa. Mkono ulikuwa mwembamba na mweupe-mweupe. Tukapakia ndizi, nikazifunga mikanda mimi mwenyewe. Mimi nikatangulia chini ya mteremko nikasimama pale mtaroni, palepale.

Mzee alipanda baiskeli kwa suti yake ya kanisa na gambuti. Akaanza taratibu. Nikamwona anafika pale ambapo kigari huanza kusukuma. Nilijua kwa uso wake. Macho yalimtoka, mdomo ukafunguka, na vidole vikakaza breki zote mbili. Kigari kilisukuma. Kilisukuma, baiskeli ikayumba, lakini gurudumu la nyuma halikuacha ardhi, na kigari kikaja nyuma yake kikitii. Alifika chini akasimama mbele yangu. Hakushuka. Bado alikuwa ameziminya breki zote mbili.

Nilikuwa nimeingoja saa hiyo kama mwaka mpya. Nilikuwa nimepanga maneno. Alinitangulia, na hakumtafuta Drusilla wala mtu yeyote wa kati.

"Mama Bosire," akasema, akinitazama usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu niolewe. "Ulikuwa umeshika breki."

"Nilishika zote mbili."

"Hata ukishika, inakusukuma."

"Ndiyo, baba. Inasukuma."

Kisha akasema pole, sauti ndogo, ya watu wawili peke yao. Mtu mwema angeikubali pale pale. Mimi niliangalia juu ya mteremko, kule walikokuwa wale waliogeuza vichwa kunitazama.

"Hapa hakuna kanisa," nikamwambia. "Panda ukawaambie."

Akashuka. Akaanza kusukuma baiskeli na kigari na ndizi zote kuupanda ule mlima, akipumzika na kusukuma, jasho likiloanisha kola. Sikumsaidia. Nilitembea nyuma yake, mikono nyuma, kila hatua nikiifurahia.

Juu kabisa akawageukia watu. Hakuwa na Biblia ya kushika, basi alishika usukani. "Mkamwana wangu alishika breki," akasema. "Mimi sikupima baiskeli yake. Nilipima yangu. Mkono wa mtoto niliuvunja mimi, halafu nikasimama kanisani nikasema uongo." Hakuna aliyecheka. Mokua aliangalia viatu vyake. Nilidhani nitasikia raha mpaka kwenye mifupa, na ni kweli nilisikia, sitadanganya. Ila haikuwa kubwa kama nilivyoiandalia nafasi.

Persis ndiye aliyewaleta watoto. Mzee alikwenda pembeni, akakitoa kiti changu guniani, akakirudisha kwa koleo zake. Bosire akaingia kigarini akashangilia. Bochaberi alisimama akakitazama, akanitazama, akaniuliza kama kitaruka tena. Nikamwambia hapana. Akamwuliza babu yake swali lilelile. Mzee akatikisa kichwa kukataa. Mtoto akaingia. Nikawafunga mikanda, nikawavalisha helmeti, nikauvuta mnyororo wa pili kuhakikisha, nikapanda.

Tulianza kushuka kwenda nyumbani, breki mkononi, kigari kikisukuma kama kawaida yake na baiskeli ikiwa imara. Mbele kidogo nikasikia gambuti nyuma yangu. Nikageuza jicho. Mzee Nyangau alikuwa anakimbia, suti imefunguka, mikono miwili imeshikilia bomba la nyuma la kigari, anakivuta kirudi asiwaache wale watoto waende. Alikuwa anahema vibaya. Pale mtaroni alikazana zaidi mpaka akaanza kuomba kwa sauti.

Breki zilikuwa zinatosha. Mimi nilijua, na ningeweza kumwambia. Sikumwambia. Nilimwacha akimbie hivyo mpaka mlangoni kwangu.